Kuchangisha pesa za volantia wa dharura mtaani: msikiti, kanisa na hekalu mfuko mmoja

Haya jamani, hili swali la jinsi ya kuchangisha pesa za volantia wa huduma ya kwanza nimeulizwa mara nyingi mpaka nimechoka kulijibu kwa vois noti, acha niandike mara moja. Mko na kikundi, mmefunzwa huduma ya kwanza, mtu akigongwa na boda pale steji ama mama akianguka sokoni nyinyi ndio mnafika kabla ya ambulensi, na sasa hamna pesa. Mimi niko Kisauni, Mombasa, kikundi chetu kina watu wa msikiti, watu wa kanisa na wachache wa jamii ya Kihindi, kwa hivyo mengi ni ya hapa kwetu. Walio Tanzania watabadilisha majina ya ofisi na kuweka lipa namba mahali pa Paybill (namba ya kulipia ya M-Pesa), kazi yenyewe ni ile ile.

Hatua ya 1: Andikeni vitu vinavyoisha

Kabla hujamwomba mtu ata shilingi moja kaeni chini na daftari. Andikeni kwanza vitu vinavyoisha: glavu, gozi, bandeji, plasta, spiriti, stripu za kupimia sukari, betri za tochi. Glavu ndio huisha mbele ya kila kitu manake ajali moja ya matatu inamaliza boksi zima, na volantia akikosa glavu ama anarudi nyuma ama anaingiza mikono kwenye damu ya mtu hivyo hivyo, na yote mawili ni mabaya. Stripu za sukari nazo zina tarehe ya kuekspaya, msinunue za mwaka mzima kwa sababu ya ofa.

Alafu andikeni vitu vinavyokaa: mashine ya presha, kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, machela, jaketi za kung'aa usiku, begi, ule mkanda wa kukaza unaozuia damu mguu ukikatika. Huo mkanda muwe macho sana, sokoni kuna feki za bei ya kutupa ambazo kile kijiti cha kuzungusha kinavunjika ukikaza, na hapo ndio mtu anakufa mkononi mwako. Nunueni kwa muuzaji wa vifaa vya hospitali na mkijaribishe kimoja kabla hamjalipia kumi.

Mwisho andikeni watu wenyewe, na hapa ndio vikundi vingi husahau. Volantia halipwi lakini ana nauli, ana airtime, na anahitaji kinga. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hivyo muweke pesa ya dozi zote tatu tangu mwanzo manake watu huchanja ya kwanza alafu basi. Pepopunda pia. Kama mnaweza bima ya ajali ya kikundi ulizeni bei, mmoja wenu akigongwa akikimbilia majeruhi ni nani atalisha watoto wake? Na cheti cha huduma ya kwanza kina muda wake, kurudia mafunzo kwa Msalaba Mwekundu ama St John Ambulance ni gharama, iandikeni.

Mbona nakazania hivi vitu vidogo, ni kwa sababu kila mfadhili anataka kununua ambulensi na hakuna anayetaka kununua glavu. Kuna kikundi nakijua walipewa gari zuri kabisa, siku ya kukabidhiwa kulikuwa na hema, spika na keki. Bima ikaisha, tairi zikaisha, dereva hakuna wa kumlipa, na mara ya mwisho napita pale kuku walikuwa wanatagia chini yake. Gari la wagonjwa lina leseni, bima, mafuta, dereva na mhudumu aliyesomea. Kama hamna pesa ya kulilisha kila mwezi sema asante kwa heshima, muulize huyo mheshimiwa kama anaweza kuwalipia nauli na glavu za mwaka badala yake. Wengi watakataa. Wachache watakubali na hao ndio mnaowataka.

Hatua ya 2: Mfuko uwe na karatasi

Hapa Kenya kuna sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya sub-county mkiwa na watu kuanzia 10, katiba yenu, miniti za mkutano na vitambulisho. Si kazi ngumu, ni kazi ya kurudi mara mbili tatu. Mkishapata cheti fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, sahihi tatu, na pesa isitoke bila mbili kati ya hizo. Hao watatu wasitoke nyumba moja ya ibada. Sisi ni mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani, na mama mmoja wa hekaluni ambaye ni mkali kuliko wote, ukienda bila risiti anakuangalia tu.

Paybill iunganishwe na hiyo akaunti. Tafadhali sana msitumie namba ya simu ya mtu. Sisi tulianza hivyo, pesa zikawa zinaingia kwa simu ya mweka hazina, dada mwaminifu hakuna mfano, akasafiri Malindi msibani wiki mbili simu ikawa haina network vizuri, na kufikia siku ya nne mtaani watu washasema ametoroka na pesa. Hakukosekana ata bob (shilingi) kumi. Lakini aliporudi aliacha kikundi na mimi simlaumu.

Faida ingine ya Paybill ni ile sehemu ya akaunti namba, mtu anaweza kuandika GLAVU ama NAULI ama CHANJO, na stetimenti ikitoka mnajua kila mmoja alitaka pesa yake ifanye nini. Iheshimuni hiyo. Aliyeandika CHANJO pesa yake isinunue mafuta. Kuna pia M-Changa, hii ni platifomu ya michango iliyoanza 2012, ni nzuri kwa kampeni moja yenye mwisho, mfano mnataka machela tatu kufikia Desemba, na walio Dubai ama Uingereza wanaweza kutuma kwa kadi.

Kuhusu kusimama barabarani na ndoo, kuchangisha hadharani kunahitaji kibali, sheria ya michango ya umma iko zamani hapa Kenya. Anzeni kwa chifu, awaelekeze, mpate barua. Msichukulie poa manake askari wa kaunti hawajui kama nyinyi ni wazuri.

Hatua ya 3: Kubalianeni mfuko si wa nyumba yoyote

Hii mtaidharau alafu itawaumiza. Mara nyingi msikiti ama kanisa litasema kwa roho safi, leteni pesa hapa kwetu, tuna akaunti tayari, tuna ofisi. Kataeni kwa adabu. Pesa ikikaa kwa padre, Waislamu watatoa mara moja wataacha. Ikikaa msikitini ni vivyo hivyo upande wa pili. Nyumba za ibada zitoe, zitangaze, zitupe ukumbi wa mafunzo, lakini mfuko ni wa mtaa.

Na kwenye katiba muandike sentensi moja wazi kwamba mgonjwa haulizwi dini wala kabila wala chama. Mtaulizwa hilo swali, mimi nimeulizwa, mzee mmoja alinishika mkono nje akaniambia kijana, pesa yangu itaenda kuokoa walevi wa kule baa? Nilimjibu kwa Edhi. Abdul Sattar Edhi wa Karachi, alianza na kadispensari kadogo mwaka 1951, akawa anakaa barabarani ananyoosha mkono kuomba umma, na mpaka anakufa 2016 magari yake ya wagonjwa yalikuwa Pakistan nzima, yanabeba Muislamu, Mkristo, Mhindu, na maiti zisizo na mwenyewe akizizika yeye. Na Edhi alikuwa Mmemon, yaani wale Waislamu wenye asili ya India, hao hao Wamemon tulio nao hapa Mombasa. Mzee alinyamaza kidogo, akatoa mia tano, akasema lakini walevi muwabebe mwisho. Hapana mzee, anayevuja damu zaidi ndio kwanza.

Hatua ya 4: Kubisha hodi

Hapa ndio kazi yenyewe kwa hivyo nitakaa kidogo.

Msikitini usiende Ijumaa dakika kumi kabla ya khutba ukitegemea imamu akutangazie, ana mambo yake. Nenda siku ya kawaida baada ya Alasiri ama kati ya Magharibi na Isha, toa salamu, kaa chini, ongea na imamu na mzee wa kamati pamoja. Omba SADAKA. Usiombe zaka. Zaka ina makundi yake manane kwenye Qur'an na maulamaa wengi hawataki itoke nje ya hayo, ukiingia ukisema tunaomba zaka ya glavu utafungua darsa la saa mbili na utatoka mikono mitupu. Kama imamu mwenyewe ataona mgonjwa maskini anaingia kwenye fungu fulani hiyo ni fatwa yake, wewe usimfundishe. Kwa vitu vinavyokaa kama machela, hapo neno ni sadaka jaria, ile ambayo thawabu yake inaendelea, na watu wanapenda sana kutoa kwa niaba ya mzazi aliyefariki. Machela yetu moja ina jina la bibi wa mtu limeandikwa kwa maka pen.

Kanisani kinyume chake, Jumapili yenyewe ndio siku, kwenye matangazo. Lakini onana na pasta ama padre katikati ya wiki kwanza. Fungu la kumi ni la kanisa, usiliguse ata kwa mzaha, omba sadaka maalum ya Jumapili moja ama kikapu mlangoni watu wakitoka. Ukipewa dakika tatu ongea mbili. Kwa Wakatoliki usiishie parokia, nenda jumuiya ndogo ndogo, kule watu 15 wamekaa sebuleni kwa mtu, mnaongea kama binadamu, na ndio wanaotoa kila mwezi. Kwa Waanglikana tafuta kina mama wa Mothers' Union. Kina mama ndio wakusanyaji, wanaume tunaahidi. Wasabato ibada yao ni Jumamosi, usiwapangie mafunzo siku hiyo alafu uwalaumu hawakuja.

Hekaluni kwa Wahindu na gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga, vua viatu, funika kichwa kule gurdwara, usiende na mkoba wa ngozi kama unaweza, na ukialikwa kula kula. Neno lao ni seva, utumishi, ukieleza kazi yenu kama seva hauna haja ya maneno mengi. Niliona pia wanapenda kutoa vitu kuliko pesa, kwa hivyo nenda na listi ya vifaa na bei kutoka kwa muuzaji, mtu atasema boksi kumi za glavu ni zangu na kesho zinaletwa na dereva. Duka la dawa mtaani nalo usilipite, mengi yatakupa bei ya jumla.

Kama mnaona mlango fulani ni mgumu, hapa Pwani kuna baraza la viongozi wa dini mbalimbali linaitwa CICC, ofisi zao ziko Mombasa, barua ya utambulisho ya watu kama hao inafungua milango ambayo wewe na fulana yako ya volantia hutafungua.

Jambo moja la mwisho kwenye hii hatua. Nendeni wawili wa dini tofauti, kila mahali. Msikitini aende Muislamu na Mkristo, Muislamu ndio aongee. Kanisani hivyo hivyo, Mkristo aongee mwenzake amekaa pembeni. Hiyo picha ya wawili wameketi pamoja inafanya kazi kuliko ile barua mliyopigia chapa.

Hatua ya 5: Kalenda

Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zimeanza karibu siku moja, katikati ya Februari, na 2025 zilipishana siku chache tu. Hiyo ni bahati msiiachie, watu wa pande zote wako kwenye kutoa kwa wakati mmoja na kampeni moja inatosha. Baadaye zitaanza kuachana manake Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Diwali ni Oktoba ama Novemba. Januari msiombe kitu, Januari ni karo. Juni na Julai ni miezi ya kupata wachangiaji wa kudumu, wa kutoa kidogo kidogo kila mwezi.

Hesabu ya wa kudumu ni rahisi, watu 200 wa bob 50 kwa mwezi ni 10,000, na hiyo inakuja bila hema wala spika. Mtu akikupa elfu kumi mara moja mshukuru, lakini mwezi ujao unaanza sifuri. Mimi siku hizi nikikutana na mtu anataka kutoa elfu tano namwomba atoe mia tano kila mwezi, wengine wananiona mjinga.

Kwenye kalenda hiyo hiyo pangeni zamu. Israel kuna shirika la United Hatzalah, la mwaka 2006, volantia wao ni Wayahudi, Waislamu, Wakristo na Wadruzi (jamii ya dini yao wenyewe huko Mashariki ya Kati), wengine wanatumia pikipiki kupenya foleni, na faida ya kuchanganyika ni kwamba wa dini moja wakiwa sikukuu wengine wako zamu. Kila mtu na maoni yake juu ya siasa za huko, mimi nimechukua hilo la zamu tu. Krismasi yetu inashikwa na akina Ali na Idi inashikwa na akina Kazungu, na ukiliweka hilo kwenye bango la mchango, kwamba siku ya Idi wewe ukiwa kwa swala huyu hapa Kazungu ndio anakulindia mtaa, watu wanaelewa pesa yao inaenda wapi bila maelezo.

Hatua ya 6: Meseji ya wasap

Fupi, namba moja, kitu kimoja. Mfano:

"Salaam kwenu nyote majirani. Sisi ni volantia wa huduma ya kwanza wa mtaa wetu. Mwezi huu tunahitaji boksi 6 za glavu. Bob 50 inatosha. Paybill ni hii, akaunti andika GLAVU. Risiti zote zitabandikwa hapa tarehe 5. Ikitokea dharura tupigieni, na mpige pia 1199 ya Msalaba Mwekundu."

Salamu iwe ya watu wote. Ukianza na Assalaam aleikum peke yake ama Bwana asifiwe peke yake kwenye grupu la mtaa ushapoteza nusu ya grupu kabla ya mstari wa pili. Kwenye grupu la msikiti ama kwaya hapo salamia kwa salamu yao.

Na picha za majeruhi HAPANA. Najua zinaleta pesa. Mtu amelala barabarani nguo zimechanika, watoto wake wataiona hiyo picha kesho shuleni, na Kenya tuna sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, unaweza kushtakiwa. Pigeni picha ya begi likiwa tupu. Begi tupu limewekwa mezani, hiyo ndio picha iliyotuletea pesa nyingi kuliko zote.

Hatua ya 7: Waheshimiwa

Watakuja, hasa mwaka wa kura. Sheria yetu ni tatu: hakuna ahadi inayotangazwa, inatangazwa pesa iliyofika tu. Hakuna jina la mtu kwenye jaketi. Na mgeni rasmi hapewi maiki zaidi ya wale vijana walioonyesha jinsi ya kubonyeza kifua cha mtu moyo wake ukisimama. Tuliwahi kufanya harambee mheshimiwa mmoja akaahidi laki mbili, makofi, vigelegele, sisi tukaenda kuagiza vifaa kwa mkopo. Mpaka leo. Tulilipa lile deni miezi saba kwa hizo bob 50 50.

Hatua ya 8: Ripoti

Tarehe 5 kila mwezi, meseji moja na picha za risiti, magrupu yote, ubao wa msikiti na ubao wa kanisa. Iwe hivi, namba ni za mfano tu:

Tulianza na 3,200. Zimeingia 11,450. Jumla 14,650.
Glavu boksi 3: 2,100
Gozi na bandeji: 1,850
Stripu za sukari: 2,400
Nauli na airtime: 3,000
Chanjo dozi ya pili: 1,500
Zimetoka 10,850. Zimebaki 3,800.
Tumeitwa mara 9. Ajali 5, kuungua 1, sukari kushuka 2, mama wa kujifungua 1.

Usiandike nani aliitwa, wapi wala siku gani. Majina ya waliotoa pia usiweke mpaka wakubali, wengine wanataka mkono wa kushoto usijue. Mwezi ambao hamjapata kitu tumeni vile vile, andikeni zimeingia 0. Sisi tuliandika sifuri mwezi mmoja tukaona aibu, na kabla ya jioni simu ikaanza kulia ting ting ting, ya kwanza ilikuwa bob 20 kutoka kwa yule mama wa mahamri wa pale steji, akaunti ameandika GLAVU ZA MKONO MKUBWA kwa sababu alishaona zile ndogo zikichanika.